Fidia za Ucheleweshaji Ulaya: Ndege Zimebanwa Kuliko Treni

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 ni kinga ninayoipa alama za juu, kwa kuwa abiria wa ndege aliyefika akiwa amechelewa saa 3 au zaidi hudai euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali wa safari, hata kama tiketi yake ilikuwa ya bei ya chini mno. Kifungu bora, kwa maoni yangu, ni kinachozuia fidia kulipwa kwa vocha bila abiria kuridhia kwa saini. Aliyewahi kusukumiwa vocha kaunta usiku wa manane anajua thamani ya kifungu hicho. Udhaifu ni utetezi wa “hali zisizo za kawaida”, unaolisamehe shirika kulipa fidia na ambao mashirika huuvuta mno, ingawa mahakama ya Umoja huo iliamua mwaka 2008 kwamba hitilafu za kiufundi kwa kawaida hazimo.

Reli hainiridhishi: robo ya nauli kwa kuchelewa dakika 60 hadi 119, nusu kuanzia 120, na tangu Juni 2023 kampuni zinaweza kujitetea kwa hali ya hewa iliyopindukia, japo si kwa mgomo wa wafanyakazi wao.