Raifo ya shabaha ya mbali: ipi ununue ukiwa Dar es Salaam

Anayetaka raifo ya kulenga shabaha mbali mara nyingi huanza kwa kutaja kiwanda. Mimi nakushauri uanze na risasi. Raifo unainunua mara moja, lakini risasi utazinunua miaka yote utakayokuwa nayo, na hapa Dar es Salaam risasi ndizo zitakazoamua kama utapiga kila wiki au utakuwa unaifuta tu vumbi. Kabla hujaipenda bunduki yoyote, nenda kwa muuzaji mwenye leseni umuulize: risasi za shabaha za kaliba hii (yaani za aina na ukubwa huu) unazo sasa hivi, na mzigo wa mwisho uliingia lini? Usiulizie risasi za kuwindia, ulizia za shabaha. Akianza kuzungukazunguka, kaliba hiyo iache, hata kama bunduki yenyewe imekukaa rohoni.

Kuna suala la kibali, na hapo hakuna njia ya mkato. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka uwe na leseni kabla silaha haijafika mikononi mwako. Maombi yanapitia mtaani kwako na polisi, na yana mwendo wake. Andika wazi kwamba unataka bunduki ya mchezo wa shabaha, na uwe umeshaamua kaliba. Muuzaji akikuambia, "Kaka, we chukua tu, karatasi zitafuata," aga uondoke.

Ujue pia utapigia wapi. Shamba la Kigamboni au ufukwe mtupu wa kuelekea Bagamoyo si uwanja wa shabaha. Risasi ndogo ya .22 ikipaa inaweza kwenda kilomita moja na nusu, na ya .308 inavuka kilomita nne. Pasipo tuta la udongo nyuma ya shabaha na msimamizi wa uwanja, bunduki ibaki kabatini.

Kaliba kabla ya kiwanda

Watu wakisikia masafa marefu wanawaza mita 1,000. Ugumu wa mchezo huu uko kwenye upepo na kwenye kudondoka kwa risasi, na .22 inakupa vyote viwili ndani ya mita 200. Risasi yake ya shabaha ina uzito wa gramu 2.6 na inatoka mtutuni kwa karibu mita 330 kwa sekunde. Ukiinyoosha bunduki kwa mita 50, yaani ukiirekebisha ipige pale unapolenga, ikifika mita 200 risasi imeshuka zaidi ya mita moja. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza kama sentimita 10 kwenye mita 100, na ukizidisha umbali mara mbili kosa linazidi mara mbili. Kwa mtu wa pwani hili ni darasa zuri mno. Kuanzia Desemba hadi Machi unapiga ukiwa na kaskazi, katikati ya mwaka unapiga ukiwa na kusi, na alasiri upepo wa bahari unaingia na kubadilika kati ya risasi moja na nyingine. Atakayejifunza kuusoma upepo huo kwa .22 hatababaika akishika bunduki kubwa.

Kwenye .22 nunua risasi za mwendo wa chini ya sauti, achana na zile zinazojisifu kwa kasi. Katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Risasi ya kasi inatoka juu ya mwendo huo, kisha inaushukia ikiwa bado njiani, na pale inapouvuka inayumba. Ya mita 330 haina cha kuvuka. Chukua boksi moja moja za aina nne au tano, piga mafungu ya risasi tano kwenye mita 50 ukiwa umelala na kitako kimeegemea mfuko wa mchanga, uone mtutu wako unapenda ipi. Ukishaijua, soma namba ya mzigo iliyopigwa kwenye boksi na ununue nyingi kadiri leseni inavyoruhusu kutoka mzigo huohuo. Jina lilelile la mzigo mwingine linaweza kupiga tofauti kabisa.

.308 Winchester ipo tangu 1952, na sifa yake kubwa kwangu ni uvumilivu. Mtutu wake unakwenda risasi 5,000 na zaidi kabla haujachoka. Risasi ya shabaha ya gramu 11.3 inatoka kwa karibu mita 790 kwa sekunde, na kwenye hewa nzito ya usawa wa bahari kama ya kwetu inakaribia mwendo wa sauti ikifika yadi 1,000, yaani mita 914. Hapo ndipo mwisho wa uaminifu wake. Ukitaka kuingia kwenye mashindano ya F-Class, yale ya kupiga mbali ukiwa umelala na bunduki yenye darubini, daraja la F-TR linakubali .308 na .223 peke yake, na bunduki nzima pamoja na darubini na miguu yake isizidi kilo 8.25.

6.5 Creedmoor ililetwa na Hornady, kampuni ya risasi ya Marekani, mwaka 2007 kwa ajili ya shabaha hasa. Kwenye yadi 1,000 upepo uleule unaoisogeza .308 takriban mita mbili na nusu unaisogeza hii chini ya mita mbili. Kwa usomaji mbaya wa upepo hiyo ni nafuu kubwa. Ila mtutu wake unaanza kuchoka kati ya risasi 2,000 na 3,000, na kuagiza mtutu mpya ukiwa Dar si kazi ya wiki moja. Kwa mtu mwenye kisima cha risasi kisicho na uhakika, bado naiweka .308 mbele. .223 sitaizungumzia sana: ni nzuri kwa mazoezi, mradi mifereji ya ndani ya mtutu izunguke mara moja kila inchi 8 ili ubebe risasi nzito za gramu 5.

Ninavyozipanga

Namba moja ni CZ 457 ya .22, ama Varmint ama ile iitwayo MTR yenye chemba (mahali risasi inapokaa) iliyobanwa kwa ajili ya shabaha. Wacheki wa Uherský Brod wamekuwa wakitengeneza .22 nzuri tangu enzi za jina la Brno, na wazee wengi wa Afrika Mashariki wanazijua. Mtutu wake ni mzito, kifyatulio kinarekebishwa bila kununua kingine, na bolti, yaani komeo la kuingizia risasi, inageuka nyuzi 60 tu, hivyo haigongi darubini ukiifungua. Mtutu unafunguliwa kwa skrubu mbili, na huo ni wepesi mkubwa kwa mahali ambapo mafundi wa kazi hii ni wachache. Najua kuna atakayesema .22 si ya masafa marefu. Mpe CZ na shabaha ya ukubwa wa sahani kwenye mita 200 siku ya kusi.

Tikka T3x CTR ya .308 ndiyo inayofuata, na nasisitiza ile ya chuma kisichoshika kutu. Inatoka Ufini, kiwanda kimoja na Sako, na kiwanda kinaahidi risasi tatu ndani ya dakika moja ya pembe, ambayo ni duara la sentimita 3 kwenye mita 100. Bolti yake inateleza kwa ulaini usioupata kwenye bunduki nyingi za bei hiyo. Ndugu yake TAC A1 imevaa fremu ya alumini inayorekebishwa kila upande, na Marekani huuzwa karibu dola 2,000 kabla hujaweka usafiri na ushuru. Kwa fedha hizo mimi ningechukua CTR na tofauti ningeitia kwenye darubini. Kasoro ya CTR ni magazini: ni za kwake mwenyewe na ni ghali, kwa hiyo nunua ya pili siku hiyohiyo.

Bergara B-14 HMR ya Hispania naiweka ya tatu kwa sababu moja tu, chuma chake ni cha kawaida na chumvi yetu haina huruma. Kwa mengine yote inabishana na Tikka. Mtutu wake ni safi, kitako kinapanda na kushuka, ndani ya kitako kuna fremu ya alumini, na umbo lake linafuata Remington 700 ya mwaka 1962, kwa hiyo vifyatulio, reli za kufungia darubini na magazini vinapatikana kwa watengenezaji wengi. Bei yake Marekani huzunguka dola 1,200. Kama unaishi Dodoma au Iringa, ipandishe iwe ya pili.

Ya nne ni Howa 1500 yenye mtutu mzito, kutoka Japani. Chuma chake ni imara na kifyatulio chake cha hatua mbili ni kizuri kuliko bei inavyoonyesha. Tatizo ni kitako cha mpira kinachokuja na matoleo ya bei ya chini. Ukiisimamisha kwenye miguu yake miwili na kuiegemea kidogo, sehemu ya mbele ya kitako inapinda na kugusa mtutu, na risasi zinaanza kuhama. Lipime hilo dukani: kunja noti ya shilingi elfu, ipitishe kati ya mtutu na kitako kutoka mbele, uivute taratibu kuelekea chemba huku mwenzako ameiegemea bunduki. Noti ikikwama njiani, hicho kitako kitakugharimu. Ukipata Howa iliyofungwa kwenye fremu ya alumini, wasiwasi huo unaisha.

Ruger Precision ya Marekani ndiyo ya tano. Ilipotoka mwaka 2015 ilifungua mlango kwa watu wa kipato cha kati kupiga mbali, na heshima hiyo siiondoi. Lakini ina uzito wa karibu kilo tano bila darubini, ina viungo vingi vya kukaza, na sura yake ni ya kijeshi. Kwa mtu anayeomba leseni ya mchezo, nadhani ni afadhali bunduki inayofanana na kazi yake.

Sako TRG 22 na zile za Accuracy International ziko nje ya orodha hii. Ni bora kuliko zote nilizotaja, na Accuracy International ilianzishwa akiwemo Malcolm Cooper, mpiga shabaha wa Uingereza aliyechukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 na 1988. Ila anayeanza hawezi kuupiga ule ubora wake, na bei yake inatosha Tikka, darubini ya maana na risasi za muda mrefu.

Darubini

Nusu ya fedha yako iende huku, na sisemi hivyo kwa kuzidisha. Bunduki ya wastani yenye darubini nzuri inapiga. Bunduki nzuri yenye darubini isiyorudi mahali pake itakutia wazimu. Hakikisha mistari ya ndani na vitasa vya juu, vile unavyozungusha kurekebisha ulengaji, vinatumia kipimo kimoja. Mimi napendelea mili, kwa kuwa mili moja ni sentimita 10 kwenye mita 100 na hesabu inafanyika kichwani. Kwa .22 dai darubini inayoweza kusafisha picha kuanzia mita 25 au chini yake, maana nyingi za bunduki kubwa zinaanzia mita 50. Weka na reli yenye mwinamo wa dakika 20 za pembe, la sivyo kitasa kitaisha kabla hujafika mbali.

Ipime hivi: bandika karatasi ndefu kwenye mita 100, chora mstari wima ukitumia timazi ya fundi ujenzi, piga, kisha pandisha kitasa mili 10 upige tena ukilenga palepale chini. Tundu la pili liwe mita moja kamili juu ya la kwanza, na liwe juu ya mstari. Likikosea sentimita tano, utalibeba kosa hilo kwenye kila umbali.

Ukiwa umenyoosha bunduki Dar ukaenda kupiga Arusha, kwenye kimo cha mita kama 1,400, hewa ni nyepesi na risasi ya masafa marefu itapiga juu. Andika vipimo vya kila mahali kwenye daftari lake.

Chumvi na kiyoyozi

Anayekaa Mbezi Beach au Kigamboni anajua chumvi inavyokula bati. Kidole chenye jasho kikigusa chuma cheusi jioni, asubuhi unaweza kukuta alama ya rangi ya machungwa ya umbo la kidole. Futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila ukimaliza kupiga, na usiilaze bunduki kwenye begi la sponji, kwa sababu sponji inashika unyevu. Iweke kabati la chuma lililofungwa ukutani, na mifuko ya kukausha unyevu uibadilishe mara kwa mara.

Kingine ni kiyoyozi. Ukiitoa bunduki chumba chenye baridi ukaingia nayo kwenye hewa ya saa nne asubuhi, chuma kinatoka jasho palepale na kioo cha darubini kinaingia ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa izoee joto kwanza.

Ukinunua ya mkononi

Bunduki iliyotumika si dhambi, hasa ya .22. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole, hata kama mwenye nayo amekuhakikishia ni tupu. Halafu chungulia mtutu kutoka nyuma kwa tochi ndogo. Mifereji iwe na kingo kali, isiwe na madoa meusi yaliyochimba. Tazama mdomo wa mtutu kwa makini zaidi, maana kovu dogo hapo linaharibu kila risasi. Vuta kifyatulio mara kadhaa bila risasi. Kikiachia kwa uzito tofauti kila mara, teremsha bei au acha. Muulize .308 au 6.5 yake imepiga risasi ngapi, na uombe kuona daftari. Mpigaji wa kweli analo.

Mwisho soma namba iliyochongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi, uilinganishe na leseni ya anayeuza. Herufi moja ikipishana, usitoe hata senti ya kushikia mpaka polisi wamelimaliza hilo jambo.