Tahadhari: Kampuni ya mahusiano ya umma inayouza "uhakika wa kutoka gazetini"

Ndugu wajasiriamali wenzangu, hasa mnaojiandaa kwa Maonesho ya Sabasaba, naandika kuwatahadharisha kuhusu kampuni moja ya mahusiano ya umma hapa Dar es Salaam iliyochukua fedha za biashara yetu ndogo ya kusindika viungo na kutuachia makaratasi. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri letu nayo bado halijaisha, lakini mbinu zake nitazieleza, kwa sababu wenzetu wawili wamekwisha kupigiwa simu na kuambiwa maneno yale yale tuliyoambiwa sisi.

Walituahidi habari tano za uhakika magazetini na kipindi kimoja cha televisheni kwa miezi mitatu, kwa shilingi milioni 3.6 zilizopaswa kulipwa zote kabla ya kazi kuanza. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Ukurasa wa habari uko chini ya mamlaka ya mhariri. Mtaalamu wa mahusiano ya umma anaweza kukuandikia taarifa nzuri, kumjua mwandishi anayefaa kupelekewa na kukuandaa kwa maswali, ila uamuzi wa kuichapisha hana wa kukuuzia. Anayekuhakikishia nafasi ama atanunua tangazo na kukuambia ni habari, ama atampa mwandishi bahasha kwa jina la biashara yako, ama hatafanya lolote.

Kwetu hawakufanya lolote la maana. "Habari tano" zilikuwa taarifa moja iliyobandikwa kwenye blogu tano, mbili kati yake zikiwa na namba ya simu ile ile iliyo kwenye ankara yao, na kipindi cha televisheni kiliahirishwa hadi Sabasaba ikapita. Mzee mwenye suti aliyekuja kutushawishi hatukumwona tena. Kazi aliachiwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, ambaye kwa kweli simlaumu.

Kilichoniuma zaidi ni ripoti. Ilikuwa na kurasa 22 za rangi, na mwishoni ikadai kwamba tumepata "thamani ya habari" ya shilingi milioni 41. Nilipodai ufafanuzi niliambiwa kuwa wamechukua bei ya tangazo la ukubwa huo gazetini, wakaizidisha mara tatu kwa kuwa habari huaminika kuliko tangazo, ingawa hakuna gazeti lililotuandika hata mstari mmoja. Hesabu ya namna hii ilikwisha kukataliwa na wataalamu wa fani yenyewe mwaka 2010, katika Kanuni za Barcelona, zinazosema kwamba gharama ya tangazo si kipimo cha thamani ya mahusiano ya umma. Ukiletewa ripoti ya aina hiyo, uliza ni wateja wangapi wapya waliopiga simu na walisikia habari zako wapi. Sisi ukurasa wetu wa mtandao wa kijamii uliruka kutoka wafuasi 800 hadi 11,000 ndani ya wiki moja, lakini oda za pilau masala hazikuongezeka hata moja.

Baada ya kulipa, tulipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, na nilipoomba ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, nikajibiwa kwamba mashine imeharibika. Nilipotafuta jina lao kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, jambo ambalo lingenichukua dakika chache tu kabla ya kutoa fedha, sikuiona kampuni yoyote yenye jina hilo, ijapokuwa barua zao zote zina neno "Limited". Mkataba nao ulisema tu kwamba watatoa "huduma za mawasiliano kadiri itakavyofaa", kwa hiyo mwanasheria aliyeusoma aliniambia kuwa itakuwa vigumu kuonyesha ni ahadi gani hasa iliyovunjwa. Dai kila kazi iandikwe pamoja na tarehe yake, na malipo yafuate kazi iliyokamilika.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuwakabidhi nenosiri la ukurasa wetu, kwani baada ya kuwaandikia barua ya madai walilibadilisha. Tumefungua ukurasa mpya, lakini ule wa zamani bado uko mikononi mwao na bado unapokea oda, kwa hiyo yeyote anayeelekezwa kutuma fedha kupitia huko asitume, kwa sababu hatutazipata.