Uzoefu wangu: matembezi ya mikoko Gazi, na kwa nini miche yetu ilikufa

Miaka 2 iliyopita mimi na wanafunzi wangu 34 tulipanda mikoko 400 ufukweni, na yote ikafa. Tulialikwa na shirika moja lililokuwa likiadhimisha siku ya mazingira. Walikuja na fulana, maji ya chupa, mpiga picha na magunia ya mbegu ndefu za kijani, zile zinazofanana na maharagwe makubwa. Tukaambiwa tuzichomeke kwenye tope, hatua moja kati ya mbegu na mbegu. Watoto walifurahi sana siku ile. Baada ya miezi 3 nilirudi na wawili wao, tukakuta vijiti vichache vikavu na tope tupu. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tulikosea wapi?"

Nafundisha sayansi kwa miaka mingi, lakini swali lile sikuwa na jibu lake.

Nilianza na simu. Nilipakua programu ya kutambua mimea kwa picha, ile ambayo unapiga picha jani nayo inakuletea jina. Kwa miti ya mjini ilinifaa: mwarobaini na mkungu iliiweza. Kwenye mikoko ikanishinda. Jani la mti mmoja iliniambia ni la mti wa bustani wa Asia. Miti miwili niliyoona wazi kuwa ni tofauti iliipa jina moja, na mti uleule nilipoupiga picha mara mbili ikanipa majina mawili. Na ukishaingia ndani kidogo, mtandao unakatika na programu inabaki kuzunguka tu. Baadaye nilielewa kwamba kosa nusu lilikuwa langu. Nilikuwa naipa jani peke yake, na majani ya miti hii mengi ni ya kijani kibichi, manene, yanang'aa, yote kama ndugu. Programu hizi hujifunza kutokana na picha walizopakia watu, basi mti usiopigwa picha sana huujua kwa kubahatisha.

Ndipo mwenzangu shuleni akaniambia niende Gazi.

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, kiasi cha kilomita 50 hivi. Nilivuka feri Likoni, nikapanda matatu ya njia ya Lunga Lunga, nikashuka njia panda na kumalizia kwa bodaboda. Kina mama wa kijiji wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, na wenyeji ndio wanaokutembeza. Nilipangiwa mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza nimekuja kuona nini. Nikamwambia, "Nimekuja kujifunza mikoko." Akauliza, "Mkoko upi?"

Swali hilo dogo ndilo lililofungua yote. Sisi wa mjini tunaita kila mti wa maji ya chumvi mkoko. Kwa watu wa Gazi mkoko ni mti mmoja tu kati ya kadhaa, na kila mmoja una jina lake, kazi yake na mahali pake. Kenya inahesabiwa kuwa na aina 9 za miti hii. Mama yule hakuhitaji kitabu kwa hata mmoja.

Tulianzia upande wa nchi kavu, ambako tope ni gumu na limepasuka. Hapo palikuwa na miti mifupi yenye majani ya kijani juu na weupe wa majivu chini. Akachuma jani, akanipa. "Lilambe." Nikalilamba: chumvi tupu. Huo ni mchu. Mti huu hufyonza maji ya bahari, kisha chumvi iliyozidi huitoa kupitia majani, na jua likiwaka unaona chembe zake zinametameta. Pembeni mwake, mamia ya mizizi myembamba kama penseli imechomoza kutoka ardhini kuelekea juu. Nilidhani ni miche. Akaniambia hiyo ndiyo pua ya mti. Tope la huku halina hewa, linanuka yai viza, kwa hiyo mti hutoa mizizi nje ili ipumue maji yanapokupwa.

Hapo nikakumbuka mvua za El Nino za 1997 na 1998 na mikoko iliyokufa kule Mwache, karibu na Mombasa. Nilisikia habari hizo nikiwa mdogo na sikuzielewa, maana mti wa majini utauliwaje na mvua? Kumbe mafuriko yalileta udongo kutoka bara, udongo ukaifukia mizizi, na miti ikakosa pumzi.

Tukasogea. Mti uliofuata ulikuwa mkandaa: mwembamba, majani yamechongoka kuelekea kikonyo na ncha yake ni butu, mbegu zake nyembamba zina mifereji ukizipitishia kidole. Magome yake yalitumika tangu zamani kutia rangi na kukaza ngozi. Kisha muia, wenye mizizi iliyojikunja na kuibuka kama goti la mtu aliyekaa. Ua lake lina kikombe chekundu chenye vidole vingi. Halafu mkoko wenyewe, ambao hata mtoto huutambua, kwani mizizi yake inashuka kutoka shinani kama miguu mingi iliyotanuliwa.

Kwa jani pekee, muia na mkoko vilikuwa vimenichanganya mimi na simu yangu. Mama akanionyesha mambo matatu. Geuza jani la mkoko, utaona vidoa vidogo vyeusi vimetapakaa chini yake. Ncha yake ina kijisindano kidogo. Na mbegu ya muia ikianguka, huanguka pamoja na kile kikombe chake chekundu, lakini ya mkoko huchomoka na kukiacha kikombe mtini. Nilikaa dakika 20 nikiokota mbegu chini na kuzipanga makundi mawili, na sikukosea hata moja. Kwa mwalimu, hiyo ni furaha kubwa.

Mbegu hizi si mbegu za kawaida. Zinaota zikiwa bado juu ya mama yao, kwa hiyo kinachoanguka tayari ni mche. Ukiangukia tope wakati maji yamekupwa, unaweza kusimama papo hapo. Ukiangukia maji, unaelea na kwenda kutafuta pengine.

Mbele kabisa, panapokutana na bahari, ndipo upo mlilana. Mizizi yake ya kupumulia ni minene, imechongoka kama pembe, na wavuvi huifanya maboya ya nyavu kwa kuwa ni myepesi. Maua yake hufunguka usiku na popo huja kuyanyonya. Mlilana huogeshwa na maji kila siku, mara mbili, na ndio unaopokea mawimbi kabla ya mwingine.

Sasa rudi nyuma nasi kwa akili yako, kutoka baharini hadi kijijini. Mlilana, mkoko, muia, mkandaa, mchu. Miti haikujipanga hivyo kwa bahati. Imepangwa na maji: yanafika mara ngapi, yanakaa muda gani, yanaacha chumvi kiasi gani. Kule kwa mchu wa nyuma, maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani yanapojaa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, hayafiki kabisa, jua linakausha tope na chumvi inabaki. Mchu unavumilia pale ambapo wenzake wengi wangekauka, na ni huohuo ambao wakati mwingine utaukuta tena mbele, jirani na mlilana. Nilizaliwa Pwani, maneno bamvua na maji mafu nimeyasikia tangu utotoni kwa wavuvi, na sikuwahi kufikiri kwamba ndiyo yanayoamua mti gani usimame wapi.

Nikamsimulia kuhusu miche yetu 400. Akauliza tulipanda mbegu gani. Mkoko. Wapi? Nikamwelezea: tope laini, mbele ya miti yote, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu na mawimbi hupiga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hapo mlimpeleka mtoto wa shamba akalale baharini."

Nilihisi uchungu, na bado ninauhisi. Watoto wale walifanya kazi kwa moyo wote. Anayetaka picha nzuri huchagua tope tupu kwa sababu lina nafasi na linafikika, na huchagua mkoko kwa sababu mbegu yake ni kubwa na huchomekwa bila kitalu. Mlilana na mchu zinataka kuoteshwa kitaluni kwanza. Naomba kila shirika litakalowaita watoto wa shule liulize kwanza swali lile la mama: mkoko upi, na wapi?

Gazi wanayo haki ya kusema haya, kwa sababu msitu wao waliwahi kuupoteza. Katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi hapa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, maeneo mengine yakabaki uwanja mtupu. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda upya. Sehemu ya miti niliyopita chini yake ni ile waliyoipanda wao, na mtu asiyeambiwa hawezi kudhani. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinauza hewa ya ukaa, yaani vinalipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na msitu wao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wenye hekta 117, na mapato yake yamekwenda kwenye maji na shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ukaa mwingi uliohifadhiwa huku haumo kwenye shina bali kwenye lile tope linalonuka. Kwa kuwa halina hewa, majani yaliyozama ndani yake hayaozi upesi.

Siyo majani yote yanayozama, lakini. Tulisimama kimya juu ya daraja tukamwona kaa akitoka shimoni, akashika jani la njano lililoanguka, akalikokota ndani. Mashimo yake yanapitisha hewa na maji ardhini. Na juu ya mashina kulikuwa na konokono wadogo wamejipanga kama vifungo vya kanzu. Maji yakikupwa wanashuka kula, na kabla ya bahari kurudi wanapanda tena, kana kwamba wanajua saa. Maji yakaanza kuingia tukiwa pale pale, na katikati ya mizizi ya mkoko tukaona samaki wachanga, wadogo kuliko kucha, wakijificha. Mama akasema, "Hapa ndipo chekechea. Wakikua wanakwenda kwenye matumbawe." Neno chekechea nimelichukua, nalitumia darasani.

Babu yangu alikuwa fundi wa nyumba Mji wa Kale. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, upana kama mita 3 au pungufu, na nilipokuwa mtoto nilidhani wazee walipenda hivyo. Upana ule ni urefu wa boriti, mti wa mkoko unaobeba dari. Mafundi walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yalizichukua hadi Omani na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Pale Gazi nilishika shina la mkoko kwa viganja viwili nikajua dari niliyolala chini yake utotoni ilitoka kwa mti gani.

Kwa atakayekwenda: angalia kwanza jedwali la maji, ufike yakiwa yanakupwa ili uione mizizi, kisha ubaki uyaone yakirudi. Nilipanga kukaa kwa muda wa saa 2, nikakaa kwa muda wa saa 5. Vaa viatu vya kufunga, maana ndala zitabaki matopeni ukishuka darajani. Beba maji na mafuta ya mbu. Ukitaka kula, agiza mapema, kina mama wanapika. Programu ya simu sikuifuta. Sasa naipigia picha tunda, ua, mzizi na upande wa chini wa jani, na majibu yake yamekuwa bora zaidi, lakini naiuliza baada ya kujijibu mwenyewe.

Niliporudi shuleni tulikwenda tena ufukweni kwetu na wale waliotaka. Safari hii hatukubeba mbegu. Tulikwenda siku ya bamvua, tukafunga vitambaa kwenye miti mahali maji yalipofikia, tukarudi siku ya maji mafu tukafunga vingine. Halafu tukaanza kuandika jina la kila mti uliokuwa kati ya kitambaa na kitambaa. Yule aliyeniuliza tulikosea wapi alikuwa mbele yetu sote. Alifika kwenye mti mmoja wa nyuma, akautazama chini kuona mizizi, akachuma jani, akaligeuza, akalilamba na kukunja uso.

"Mchu, mwalimu. Andika."