Kompresheni ipi kwa injini unayoijenga Mombasa? Chaguo tano, kuanzia lililo bora

Ukijenga injini Mombasa kwa kufuata vipimo vya rafiki aliyeko Nairobi, jitayarishe kununua pistoni mara mbili. Si kwamba mafundi wa Nairobi hawajui kazi. Mji wao uko takriban mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na presha ya hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Kilindini. Injini yenye kompresheni ya 11 inayopanda Ngong Road bila kulalamika inavuta hewa nyepesi. Ilete pwani, kanyaga mafuta mpaka chini, na silinda itajaa hewa nzito kuliko ilivyozoea. Presha na joto vinapanda, na petroli ileile iliyovumilia huko bara inaanza kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huko ndiko mafundi wanakoita kugonga. Utausikia mlio wake ukipanda Mazeras na mzigo, kama kokoto ndani ya kopo la bati.

Kompresheni ni hesabu ya ujazo. Pistoni ikiwa chini kabisa, silinda ina nafasi fulani; ikifika juu, nafasi inayobaki ni ndogo. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ukipata 10, maana yake hewa iliyojaza nafasi kumi imebanwa ikaingia katika nafasi moja. Kadiri inavyobanwa zaidi, ndivyo moto unavyotoa kazi zaidi kwa petroli ileile. Ndiyo sababu kila kijana anayejenga Corolla anataka namba kubwa.

Lakini uliza unanunua nini hasa. Kwa nadharia, ukitoka 9.5 kwenda 10.5, ufanisi wa injini unatoka asilimia 59.4 kwenda 61. Hiyo ni faida isiyofika asilimia 3 ya nguvu uliyonayo, na barabarani huipati yote. Gari la nguvu za farasi 100 litaongeza mbili, labda tatu. Ukikosea upande wa juu, unavunja kingo za ringi, unaunguza gasketi, au unatoboa pistoni katikati. Namba unayoitafuta, basi, ni ile ambayo injini itaistahimili mwezi wa pili, saa nane mchana, umekwama kwenye foleni ya kivuko cha Likoni na feni ya radieta haizimi.

Kaskazi ikivuma, joto la nje hapa hufika nyuzi 32 au 33, na hewa inayoingia injini chini ya boneti iliyofungwa huwa ya moto zaidi. Unyevu wa pwani unasaidia kidogo, kwa sababu mvuke wa maji hupunguza tabia ya kugonga, lakini msaada huo haulipii joto. Kisha kuna petroli yenyewe. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulifika mahali serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya kuchanganya. Mafuta ya taa yana oktani (kipimo cha uwezo wa mafuta kubanwa bila kulipuka yenyewe) ya chini sana, na kiasi kidogo tu tangini kinatosha kuifanya injini iliyobanwa sana igonge. Jenga kwa petroli mbaya kuliko zote utakazolazimika kujaza, maana siku uko njia ya Lunga Lunga na taa ya mafuta imewaka, hutachagua kituo.

Nafasi ya kwanza: 9.5 hadi 10

Hili ndilo chaguo langu kwa kila mtu anayefufua gari la kila siku, awe wa Kisauni, Changamwe au Mtwapa. Toyota walifika hapa zamani: injini zao za 4A-FE na 7A-FE ni 9.5, 5A-FE ya Corolla 110 ni 9.8, na 1ZZ-FE ni 10. Ukinunua pistoni za umbo la kiwandani na gasketi ya unene wa kiwandani, utabaki humu bila hesabu nyingi.

Watu wengi hawajui kwamba kupanua silinda peke yake kunapandisha kompresheni. 4A-FE ina kipenyo cha milimita 81. Ukiweka pistoni za kuongeza milimita 1.00, ujazo wa silinda unakua huku nafasi ya juu ikibaki karibu ileile, na 9.5 inasogea hadi karibu 9.7. Hakuna ubaya, bado uko salama. Ila fundi akikwambia atachonga pia hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, "ili iwe na nguvu", mwambie: "Fundi, iguse kiasi cha kuinyoosha tu." Iliyopinda inyooshwe, isiyopinda iachwe.

Nafasi ya pili: 10.5, lakini kwa injini iliyozaliwa nayo

1NZ-FE, ile ya Probox na Fielder, ilitoka kiwandani na 10.5. Japani kiwango cha petroli ya kawaida ni oktani 89 kwa uchache, na ile ya ghali ni 96. Toyota waliitengeneza injini hii wakijua mwenyewe atajaza ya kawaida. Umbo la chemba yake (nafasi ya juu ambamo moto unawaka), sindano zake za mafuta na sensa inayosikia injini ikigonga vinafanya kazi pamoja. Ikianza kugonga, kompyuta inarudisha nyuma taimingi, yaani inachelewesha moto wa plagi. Kwa hiyo ukiijenga, irudishe 10.5 ileile wala usiogope.

Usichoruhusiwa ni kuiongezea. Kila silinda ya 1NZ-FE ina karibu cc 374 na nafasi ya juu ya karibu cc 39.4. Ondoa cc 2 tu, jambo ambalo kuchonga hedi takriban nusu mili kunaweza kulifanya, na umefika 11. Kompyuta itailinda kwa kurudisha taimingi, na ukirudisha taimingi unapoteza nguvu ileile uliyoitafuta, tena gari linakunywa zaidi. Vilevile 10.5 kwenye injini ya zamani isiyo na sensa hiyo siipendekezi hapa pwani. Huko hakuna wa kuiokoa.

Nafasi ya tatu: 8.5 hadi 9, kwa mwenye tubo

Tubo inabana hewa kabla haijafika kwenye silinda, kwa hiyo pistoni lazima iachie nafasi. Viwanda vyenyewe vilifanya hivyo: 3S-GTE ya kizazi cha tatu ina 8.5, na 4A-GZE, inayotumia supachaja ya mkanda badala ya tubo, ilianza na 8.0 ikaishia 8.9. Kwa presha ya tubo ya nusu baa, 9 inatosha na gari halitakuwa zito kabla tubo haijaamka. Ukipanga kufika baa moja, shuka 8.5 na weka pesa kwenye intakula nzuri, kile kipoza hewa ya tubo, kwa sababu hewa yetu inaingia ikiwa tayari ya moto. Ningependa mtu mwenye tubo anunue intakula kubwa kabla hajanunua kitu kingine chochote.

Usishushe kompresheni kwa kupanga gasketi mbili za hedi. Ni rahisi, na ndiyo maana inafanywa. Lakini nafasi nyembamba kati ya pistoni na uso wa hedi, inayopaswa kuwa karibu milimita moja, inapanuka. Mchanganyiko hauvurugwi tena sawasawa, na injini inaweza kugonga hata ikiwa na namba ndogo. Nunua pistoni zenye bonde kichwani.

Nafasi ya nne: 11

4A-GE ya valvu 20 yenye kifuniko cheusi ilitoka na 11, kwa petroli ya ghali ya Japani. Ni injini tamu na sitamkataza mtu aliyeipenda. Inafaa gari la pili, la wikendi, lenye kompyuta inayoweza kupangwa, fundi wa kuipanga hapahapa Mombasa, na mwenyewe anayejaza kituo kimoja anachokiamini. Kama ndiyo gari linalopeleka watoto shule, rudi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya mwisho: 12 kwenda juu

Utaambiwa pistoni za Prius zinaingia kwenye 1NZ-FE na zitakupa 13. Kweli zinaingia. Ila 1NZ-FXE ya Prius ina kamshafti (shafti inayofungua na kufunga valvu) inayochelewa kufunga valvu za kuingiza, sehemu ya hewa inarudishwa nje, na kinachobanwa kwa kweli hakifiki 13. Weka pistoni hizo chini ya kamshafti ya Probox na hewa yote inabaki ndani. Kisa cha Mazda Demio ya Skyactiv ya 2011 yenye 14 kinafanana: mafuta yanapulizwa ndani ya silinda yenyewe, na injini nzima ilibuniwa kuanzia mwanzo kwa namba hiyo. Huwezi kuchukua kipande chake kimoja.

Ukifika dukani

Spea za injini hutakosa Mwembe Tayari na Jomo Kenyatta Avenue. Nunua pistoni kabla silinda haijapanuliwa, kisha mpe fundi wa mashine pistoni zenyewe azipime. Boksi lisikutoshe: "Kaka, nifungulie niione." Soma alama juu ya kichwa, STD (kipimo cha kiwandani), 0.50 au 1.00, kisha iweke kando ya pistoni yako ya zamani ulinganishe kimo kutoka tundu la pini hadi kichwani na umbo la bonde. Kimo kikizidi hata kwa nusu mili, kompresheni imebadilika na valvu ziko hatarini.

Hedi ya mtumba ndiyo inayotaka macho zaidi hapa kwetu. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, watu wanayatia kwenye radieta, njia zinaziba, injini inachemka, hedi inapinda na kuchongwa. Inaweza kuwa imechongwa mara kadhaa kabla haijafika kwako. Nunua sirinji kubwa duka la dawa, laza hedi uso juu plagi na valvu zikiwa mahali pake, funika chemba kwa kipande cha plastiki safi chenye tundu dogo, kisha jaza mafuta mepesi ukihesabu cc. Ongeza ujazo wa gasketi na wa bonde la pistoni, na nafasi iliyobaki juu ya pistoni ikiwa haifiki usawa wa bloki. Chukua ujazo wa silinda, gawanya kwa jumla hiyo, jumlisha moja. Namba hiyo ndiyo ya injini yako, si ile ya kitabuni.

Na ukiagiza injini nzima kutoka bara, kumbuka geji ya kompresheni inasoma hewa ya mahali ilipo. Injini iliyosoma psi 150 Nairobi, ikishushwa hapa itasoma karibu 180 bila mtu kuigusa. Muuzaji akikutumia picha ya geji, muulize kwanza ilipigwa mji gani.