Papa fundi ya apareyi foto kule Birere: dola 10 ya kuangalia tu, na nililipa na roho safi

Wacha nianze na bei juu najua njo kitu batu banaulizaka mbele ya yote. Ni dola 10 ya kuchunguza apareyi, mbele ata ya kufungula visi moya, na utalipa ata kama mwishoni hakuna kitu ametengeneza. Nilisikia ivyo nikataka kurudi, juu hapa Goma fundi ya telefone anakuangaliaka bure, anakula kwa kutengeneza tu. Sasa niko naandika kusema huyu papa iko na haki, na kama apareyi yako imeanguka na haujue kama imeumia, umupelekee yeye mbele ya mutu mwingine yote.

Yangu ni Canon 700D, ile ya 2013, na objektifu (ile tuyo ya kioo ya mbele) ya zumu 18-55 yenye inakuyaka nayo mu kartoni. Ya zamani lakini njo inatulisha, ndoa, batizo, foto za kumaliza masomo. Siku ya posho moya kwenye ndoa kule Himbi, mutoto ya batu alivuta kamba yenye ilikuwa inaning'inia kwa meza, ikashuka yote, na uso chini, juu ya majiwe ya volkano, mwenye anaishi Goma anajua naongea majiwe gani. Filta, ile kioo ya kulinda mbele ya objektifu, ikapasuka, ringi yake ikapinda. Nikawasha, ikawaka. Nikapiga foto, ikapiga. Batu bote pale: aah Mungu mukubwa, haina kitu!

Haina kitu wapi. Ingekufa pale pale ningelia mara moya nikalala. Hii yenye inaanguka na inaendelea kutumika njo inauaka mutu na mawazo. Unaitikisa, inalia kwa ndani, unajiuliza ilikuwa inaliaka? Fokasi imechelewa, ao ilikuwa inachelewaka ivi tangu zamani? Unavuta foto kubwa kwa ekra, upande ya kuume bibi arusi iko flu, sasa ni juu alitembea ao ni juu kioo imesogea? Na batu ya ndoa ya kufwata bameshakulipa avansi, na unaendelea kuvuta ma foto usiku muzima mpaka yote inaonekana mubaya.

Fundi ya kwanza nilienda kuona (si Birere, na sitamutaja) alishika turnevisi mbele ata ya kuniuliza imeanguka namna gani. «Tunafungula, tunaona, dola 60.» Tunaona nini? Nikabeba kitu yangu.

Papa wa Birere iko na kachumba nyuma ya maduka ya telefone, mulango inaangalia barabara, kiti moya, taa moya. Kitu ya kwanza aliuliza ni ilianguka na upande gani na kama objektifu ilikuwa imetoka inje ao imeingia. Asema kama zumu ilikuwa imetoka, ile tuyo ya inje njo inapokea pigo yote. Halafu akaitikisa kwa sikio. Akatosha objektifu, akaniomba objektifu ingine yangu, ile ya 50 yenye haina zumu, akaweka, akatikisa tena, kimya. «Mutoto yangu, hii sauti yenye inakukosesha usingizi ni stabilizateri, ka kioo kenye kanacheza kwa ndani ili foto isitetemeke. Apareyi ikizimwa kanakuwaka huru. Ilikuwa inalia tangu ulinunua, hukuwahi kuitikisa tu.» Na kweli, nani anatikisaka apareyi yenye haina kitu?

Sasa sehemu yenye ilinifurahisha. Alibandika kurasa za gazeti kwa ukuta, zimenyooka muzuri, akaweka apareyi kwa trepie sawasawa na ukuta, zumu kwa 18, tundu ya mwanga wazi yote, f/3.5, akapiga. Akavuta kona zote ine kwa ekra ya ordinatere. Kushoto unasoma ata maandishi ya matangazo, kuume, juu na chini, herufi zimeyeyuka. Akapiga na ile ya 50, kona zote sawa. Kwa hiyo boditi (mwili ya apareyi) haina kosa, sensa (ile yenye inapokea foto kwa ndani) haikusogea, ni objektifu njo kioo moya ya ndani imeenda pembeni. Akarudia na f/8, ni kusema tundu ya mwanga ndogo zaidi, kuume ikarudi karibu yote.

Halafu akaniambia tuangalie kioo ya boditi, ile yenye inarukaka ukipiga, na hapo nilijifunza kitu. 700D iko na namna mbili ya kufokasi: ukiangalia kwa ka dirisha, kuko sensa ndogo kule chini yenye inapata mwanga kupitia kioo, ukiangalia kwa ekra, sensa yenyewe ya foto njo inafanya. Kioo ikisogea ata kidogo juu ya kuanguka, hizo mbili zinaacha kusikilizana, na 700D haina reglaji ya ile kitu mu menyu sawa Canon 70D, ni paka kufungula. Akapiga kitu moya kwa dirisha, akapiga tena kwa ekra, na 50 tundu wazi yote, 1.8, juu hapo fokasi ikikosa kidogo inaonekana, hakuna pa kujificha. Zote mbili sawa. Nilipumua.

Filta ilikuwa imekwama kabisa, ringi imejikunja. Hapa alichukua muda. Aliweka apareyi uso chini ili vipande vya kioo vianguke kwa meza visikwaruze objektifu, akapuliza na ile pompi ya mpira, akafunika kioo ya objektifu na skochi, akakata ringi pahali pamoya na ka msumeno kadogo sana, akaikunja kwa ndani na pensi, ikatoka. Objektifu yenyewe, ata alama moya. Hapo aliongeza dola 5, sawa.

Nikamuuliza sasa tutengeneze ule upande ya kuume. Akakataa! Asema kuirudisha sawa ni kazi ya siku mingi na bei itakaribia kununua 18-55 ingine ya mukono ya pili, tumia hii f/8 kwa foto ya kundi ya mchana, ndani ya sale piga na 50. Na kwa etajere yake kulikuwa 18-55 ya kuuzisha, hakuigusa ata. Mutu mwenye umeshamulipa juu ya kuangalia hana haja ya kukutafutia ugonjwa, njo maana dola 10 yake naiona ya halali.

Nilimuuliza pia kama ningeweza kuifungula mimi mwenyewe na video za intaneti. Alicheka. Ile flashi ya juu iko na kondensateri yenye inabakiaka na karibu volti 300 ata ukitosha batri, ukiigusa na turnevisi utajua.

Sasa mabaya, juu yako. Vumbi! Mulango wazi, pikipiki zinapita, na hapa katikati ya muji tulijenga upya juu ya lava ya Januari 2002, ile vumbi nyeusi inakwaruza kabisa. Kuangalia na kutosha filta sawa, lakini kusafisha sensa pale, mimi nilikataa, na alikubali bila kukasirika. Resi hatoi, ukiomba anaandika kwa karatasi ya kitabu ya shule. Dola yenye iko na ka kipande kadogo kamepasuka kwa kona hapokee, utatembea kutafuta ingine, bon, hiyo ni Kongo yote. Na anaongea! Ukiwa na haraka utateseka, atakuelezea mpaka mambo ya Kodak.

Za kisasa zisizo na kioo, boditi zake hafungule, anaangalia objektifu tu. Drone hapana. Siku ya yenga anafungaka. Telefone hashikaki, enda mwenyewe asubuhi, beba batri yenye imejaa na objektifu ya pili kama uko nayo, ao omba ya rafiki, juu bila ya pili hawezi kujua kosa iko boditi ao objektifu. Filta mupya ya upana 58 (milimeta) iko nazo dola 8, lakini iangalie kwa mwanga mbele ya kulipa, ya kwanza yenye alinipa ilikuwa na mukwaruzo, nilirudisha, akabadilisha bila maneno.