Uzoefu wangu: DVD za Arbuckle, hatimaye nimemsikia akiongea

Aisee jana usiku nimezimaliza zote na sauti ya huyu jamaa bado iko masikioni. Seti ina diski mbili, ni vichekesho vifupi vya sauti vya Vitaphone, kampuni ya filamu, vilivyopigwa Brooklyn, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1930, nyingi ni za mchekeshaji Shemp Howard ila mimi nilichokua nakitafuta ni zile sita za Roscoe Arbuckle, mchekeshaji wa zamani wa Marekani. Nilishaziona za kwake za zamani zisizo na sauti, kwa hiyo kichwani mwangu siku zote alikua bubu, halafu ghafla anafungua mdomo na kasauti kenyewe laini, kapole, hata hakaendani na ule mwili mnene! Nilisimamisha nikarudisha nyuma mara tatu.

Kwa wasiomjua: 1921 alisingiziwa kifo cha msichana mmoja muigizaji baada ya pati ya hotelini San Francisco. Kesi ilisikilizwa mara tatu, ya tatu, Aprili 1922, jopo la mahakama likamwachia na likaandika kabisa kumuomba radhi. Haikumsaidia kitu. Siku sita tu baadae Will Hays, mkuu wa chama cha kampuni za filamu Marekani, ndo huyo huyo ambaye jina lake baadae lilibandikwa kwenye zile sheria za kudhibiti maadili ya filamu, akampiga marufuku kuonekana kwenye filamu, na hata marufuku ilipoondolewa mwisho wa mwaka nani angempa kazi? Akabaki kuongoza filamu za wenzake kwa jina la William Goodrich. Miaka kumi hivyo jamani, mtu hana kosa!

Sasa ukijua hayo halafu uweke Hey, Pop! ya 1932, ile ya kwanza aliyorudi nayo, anacheza mpishi wa mgahawa anayemficha mtoto aliyetelekezwa, mimi nilicheka ila koo limekaba. Mikono bado myepesi vilevile. Buzzin' Around ndo imenivunja mbavu, kagundua dawa ya kupaka vyombo vya udongo visivunjike, anaenda mjini kuionyesha, chupa zimebadilishana, basi anavibamiza vyombo dukani huku anajiamini kabisaaa. Al St. John naye yumo, mpwa wake waliyeanza naye zamani. Ila yangu mimi ni In the Dough, ya bekari na wahuni wanaotaka hela ya ulinzi, keki zinaruka kila kona, Shemp ni mmoja wa hao wahuni. Nimeangalia na mjomba wangu ambaye Kiingereza hakimpandi, hakuhitaji tafsiri hata moja. Tomalio imenichosha, sintaificha.

Watu wakisikia filamu ni ya “kabla ya udhibiti”, yani kabla ya zile sheria za Hays, wanategemea mambo ya chumbani, hapana, humu hamna. Sheria ziliandikwa 1930 ila meno ziliyapata katikati ya 1934, kwa hiyo hapa unachokiona ni ulegevu wa kawaida tu, wahuni wa mtaani wanafanya yao na hamna anayekukatiza kukufundisha adabu.

Picha ni safi kuliko nilivyotegemea, mikwaruzo ipo sehemu chache, sauti inakoroma kidogo, weka hedifoni. Maandishi ya chini hamna, na wanaongea haraka kweli. Kila moja kama dakika 20, na usiziangalie mfululizo zitakuchosha, mbili kwa siku zinatosha.

Kilichoniuma ni kwamba Arbuckle alifariki usingizini 29 Juni 1933, ana miaka 46 tu, zingine kati ya hizi sita zikaingia kumbi za sinema mwenyewe hayupo tena. In the Dough ni mojawapo. Nilikua sijui mpaka nilipoangalia tarehe, nikairudia usiku ule ule, mara hii nikiwa namwangalia yeye tu hata keki sikuziona.