Sebright: Kuku wa Kutazamwa, Si wa Kupakatwa

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Huyu mliyemwona akiruka nikifungua kizimba ni jogoo wa Sebright, na wengi mmeniuliza kama anafaa kufugwa uani kama kipenzi. Kwangu mimi anafaa, tena sana, ila kwa mtu ambaye raha yake ni kutazama. Kama unamtafutia mtoto kuku wa kukumbatia, huyu hatawafurahisha, na yeye mwenyewe hatafurahi.

Nianze na manyoya, maana ndiyo sifa yake kuu. Nikilikunjua bawa lake hivi, sogeeni mwone. Kila unyoya umezungushiwa ukingo mwembamba mweusi, sawasawa kama uliochorwa kwa kalamu. Huyu ni wa fedha, katikati ya unyoya ni peupe. Yuko na wa dhahabu, ambaye pale katikati ana hudhurungi inayong'aa. Ukienda kununua, tazama kifuani na mgongoni: ule ukingo usikatike, usiwe mnene upande mmoja na kufifia upande mwingine, na ile rangi ya katikati isiwe na madoadoa.

Sasa tazameni shingo na mkia. Jogoo wa kawaida ana manyoya marefu yaliyochongoka shingoni, na mkiani yale yaliyopinda. Huyu hana hata moja. Manyoya yake ni ya mviringo, ya kike kabisa, na asiyemjua atadhani ni mtetea mpaka auone huu upanga mkubwa mwekundu wa kichwani au amsikie akiwika. Chanzo kiko kwenye ngozi: inageuza homoni ya kiume kuwa ya kike, na homoni hiyo ndiyo inayoupa unyoya umbo lake. Mwanasayansi wa Marekani, Thomas Hunt Morgan, aliwahasi majogoo wa aina hii, na baadaye wakaota manyoya marefu ya kijogoo! Mimi jambo hili hunishangaza kila nikilifikiria.

Aliyewatengeneza ni Mwingereza, Sir John Sebright, aliyechanganya na kuchagua mbegu kwa miaka mingi mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 akapata alichokitaka. Ni bantamu halisi, yaani kuku mdogo kwa asili: hakuna Sebright mkubwa ambaye huyu alipunguzwa umbo kutoka kwake. Jogoo ana kama gramu 620, mtetea kama 570.

Udogo huo usikudanganye ukajenga banda la ovyo. Huyu anaruka. Ukuta wa kimo cha mtu haumzuii, na usiku angependa alale juu ya mti kuliko bandani. Kwa hiyo uwanja wake uezekwe wavu juu, ambao pia utamkinga na mwewe. Wapo wanaokata manyoya ya bawa moja ili asiruke. Siwaungi mkono. Umemnunua ndege kwa uzuri wa manyoya, halafu unayakata?

Chakula anakula kidogo. Mayai usiyahesabu: ni machache, madogo, meupe au ya rangi ya maziwa, na mtetea kwa kawaida haatamii. Ukitaka vifaranga, mayai yaweke chini ya kuku mwingine anayeatamia au kwenye mashine, na uwe mvumilivu, kwa sababu majogoo wengi wa aina hii hawarutubishi mayai vizuri. Vifaranga nao ni dhaifu siku za mwanzo. Wanataka joto la uhakika na pakavu.

Hapa kwenye afya naomba mnisikilize vizuri. Sebright anashikwa upesi na ugonjwa wa Marek. Ni kirusi kinachosambaa na vumbi la ngozi na manyoya, kwa hiyo kuku anaweza kuupata bila kugusana na mgonjwa. Utamkuta amelala, mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, hawezi kusimama. Dawa ya kuuponya hakuna. Chanjo ipo, na hutolewa kifaranga akiwa bado na siku moja. Muuzaji akishindwa kukwambia kama kuku wake walichanjwa, ondoka, hata kama ni wazuri kiasi gani.

Tabia yake ni ya wasiwasi, ila si mkali. Ukimzoesha tangu kifaranga kula mkononi, atakufuata uani, lakini kumshika ni shughuli nyingine. Ukiingia bandani ingia polepole, kaa chini, umwache aje mwenyewe. Usimchanganye na kuku wakubwa. Watamfukuza kwenye chakula na kumdonoa. Nunua angalau watatu, jogoo mmoja na mitetea miwili, na kama majirani wako karibu, chukua mitetea mitupu. Sauti ya huyu bwana ni nyembamba na kali, na huanza kabla ya alfajiri.